Peresi Ajichagulia Chumba Diani

Peresi Ooko alitandika vitanda vya watu miaka ishirini na sita. Ukimwonyesha picha ya chumba, atakwambia nani atalala wapi na nani hatalala kabisa. Kwa hiyo Jumapili ile ya Novemba, mkwe wake Lewis alipomwekea simu mkononi akicheka kwa furaha, hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Mama, hebu ona tulichokuchagulia," Lewis alisema. "Diani. Krismasi hii unaenda kuona bahari."

Walikuwa wamekaa nyumbani kwake Kaptembwo, kwenye vile vyumba vyake viwili vya mwisho katika ploti ya wapangaji, karibu na bomba. Walikuwa wametoka kanisani. Chai ilikuwa imemiminwa, mandazi yako kwenye sahani, na binti yake Joan alikuwa kwenye kochi akimnyonyesha Kahiga, mtoto wa miezi saba. Kui, wa miaka mitano, alikuwa nje akiruka kamba na watoto wa jirani. Familia hiyo hukaa Longonot, Lewis ana duka la dawa za mifugo huko, na huja Nakuru Jumapili moja kila mwezi.

Peresi alivaa miwani, akaishika simu mbali kidogo na uso.

Picha ya kwanza, maji ya buluu ya kuogelea na viti vya kulala. Sawa. Picha ya pili, chumba kikubwa, kitanda cha sita kwa sita, neti nyeupe imefungwa fundo juu, dirisha linatazama bahari. Shuka haikuvutwa vizuri upande wa ukutani, lakini sawa. Picha ya tatu, chumba kidogo: kitanda cha deka, kile cha kupandiana, na pembeni yake kitanda chembamba cha mtu mmoja, na kati yao nafasi iliyoachwa wazi, ya ukubwa wa kitanda cha mtoto mchanga kabisa. Picha ya nne, jiko la gesi na sufuria zimepangwa, na kando yake mlango wa chumba kile kidogo.

"Hii ni hoteli?" aliuliza.

"Ni apatimenti, Mama. Unakodi nyumba nzima. Desemba hoteli za ufuoni zimeshikwa zote, na zilizobaki bei yake ni ya kufukuza watu. Hii tunajipikia wenyewe, inapunguza gharama."

"Tunajipikia," Peresi alirudia. "Nani na nani?"

Lewis alicheka kidogo. Joan alimbadilisha mtoto upande.

"Na vyoo ni vingapi?"

"Kimoja, lakini kikubwa. Kiko hapa katikati ya vyumba viwili. Kila mtu anafika kwa urahisi."

Peresi aliiweka simu juu ya meza, uso chini, kama mtu anayefunika kitu kinachonuka.

Nisimulie kwanza huyu ni mwanamke gani, ndipo ujue hasira yake ilitoka umbali gani. Alikuja Nakuru akiwa bibi harusi wa Ooko, fundi wa reli, na mwaka ule Rais wa kwanza alipofariki alipata kazi kwenye gesti ya Bwana Shariff, si mbali na stesheni. Vyumba kumi na vinane. Shariff alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, mtu wa kanzu safi na ulimi mkali, na alimfundisha kazi kama anayefundisha askari. Kwamba mto haukaguliwi kwa macho, unanuswa. Kwamba kitanda cha mgeni hukikalii hata kama miguu inakuwaka moto. Kwamba mgeni akisema chumba kina kasoro, kina kasoro, hata kama huioni. Peresi alishika yote. Wasafiri waliokuwa wakienda Kisumu na Eldoret walikuwa wakimwomba Shariff chumba "kilichotandikwa na yule mama". Yeye mwenyewe, kazi ikiisha, alirudi Kaptembwo kwa miguu, kulala kitanda kimoja na watoto watatu. Likizo alizozijua ni za kupeleka maiti nyumbani Ugenya. Mume alikuwa na pasi ya reli ya bure kila mwaka, na kila mwaka aliitumia kwa mazishi. Ooko alipokufa, pasi ikaisha, na Peresi hakuwa ameona bahari.

Sasa mtu amemletea bahari, na ndani yake amemwekea chumba cha deka.

"Lewis, mwanangu," alisema polepole, "wewe umeoa kwangu miaka mingapi?"

"Sita, Mama. Inaingia ya saba."

"Na miaka hiyo yote umewahi kulala ndani ya nyumba hii?"

"Hapana. Tukichelewa tunalala ile lojingi ya kule barabarani."

"Kwa nini?"

Lewis alimtazama mke wake, kisha akatazama kuta za chumba, kama mtu anayeogopa kumtusi mwenye nyumba. "Si ni kwa sababu hapa ni padogo, Mama? Mimi nilidhani ni nafasi."

"Nafasi!" Peresi alipiga paja. "Watu kumi na mmoja wamelala humu usiku wa matanga ya baba yake Joan! Nafasi!"

"Mum, tafadhali usianze," Joan alisema.

"Sijaanza. Nikianza utajua. Lewis, sisi Wajaluo, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hata mvua inyeshe ya mawe. Sembuse kungojeana mlangoni mwa choo kimoja, mimi na taulo, wewe na taulo! Unataka nikikohoa usiku unisikie? Unataka nikusikie wewe?"

Lewis alisimama. Kwao Longonot, Wakikuyu wana adabu zao kwa wakwe, lakini hii hakuwa amesikia. "Mama, niamini, sikujua. Hakuna mtu aliyeniambia. Kila mara nilisema tukae hapa tupunguze gharama, Joan akasema tusikusumbue."

"Mimi nakuamini," Peresi alisema. Na hapo ndipo alipogeuka akamtazama binti yake, na Lewis, kwa akili ambayo wanaume wengi hawana, akasema anaenda kuangalia gari kama watoto hawajalikwaruza.

Mlango ulipofungwa Peresi alivua miwani.

"Ulijua."

"Mum, hayo ni mambo ya zamani. Watu siku hizi wanakaa pamoja, wanakula pamoja, hakuna anayekufa."

"Sikusema kuna anayekufa. Nimesema ulijua, na ukamwacha mtoto wa watu aje hapa na picha zake, anang'aa meno, apigwe na aibu sebuleni kwangu. Angalau ungemwambia, aamue mwenyewe kunidharau. Hukumpa hata hiyo nafasi."

"Nilikuwa nimwambie."

"Miaka sita?"

Mtoto aliachia ziwa akaanza kulia, Joan akampigapiga mgongoni.

"Halafu hicho chumba kidogo," Peresi aliendelea, na sauti yake ilishuka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Nani analala kile kitanda chembamba? Usiniambie, nimeshaona. Ni mimi. Deka ni ya Kui. Na hapo katikati unaweka kitanda cha Kahiga, karibu na mkono wangu. Jiko liko ukutani kwangu. Wewe na mume wako mko upande wa pili na neti na dirisha la baharini. Joan, mimi nimepanga vyumba tangu hujazaliwa. Chumba cha yaya nakijua hata kwa picha ya gazeti."

"Si yaya, Mum. Wewe ni shosho wao, nyanya yao."

"Mimi si shosho, kwetu nyanya ni dani. Na dani anaalikwa. Dani haajiriwi kwa kudanganywa na bahari."

Hapo Joan naye akapasuka. Alikuwa na hasira zake, alikuwa amezibeba kwa muda mrefu, na machozi yalitangulia maneno.

"Basi sawa, nimechoka! Unataka niseme? Nimechoka. Huyu mtoto hajalala usiku hata mmoja tangu azaliwe. Saa kumi na moja niko barabarani naenda ofisini, Naivasha, kwa kampuni ya maua, nasinzia kwenye kompyuta mpaka supavaiza ananipigia meza. Nilitaka siku nne tu nilale. Siku nne! Wenzangu wakijifungua mama zao wanakuja, wanakaa mwezi mzima, wanawapikia uji, wanawakanda na maji ya moto. Mimi mama yangu ana sheria za paa."

Sasa tafadhali usidhani Peresi alilainika. Kuna wamama ambao wangelainika hapo, wakakumbatia mtoto, mambo yakaisha. Peresi alisimama. Goti la kushoto lilimuuma akalipuuza.

"Siku kumi na nne," alisema. "Hesabu na mimi. Ulipomzaa huyo, mimi nilikuja Longonot siku kumi na nne. Natoka hapa alfajiri, nafika kwako jua limechomoza, nakukanda, nakupikia uji wa wimbi, nafua nepi, nakausha, nakunja. Saa kumi naenda kusubiri gari kule barabarani, nafika Kaptembwo na giza, nalala, naamka, narudi tena. Siku kumi na nne, nikiwa na miaka sabini na moja! Majirani hapa wakaniuliza kama nimepata kazi Nairobi. Kwa nini hukumwambia mume wako ni kwa nini mama yako anasafiri hivyo kama kondakta? Alidhani nini, kwamba sipendi vitanda vyenu?"

"Alidhani unapenda kulala kwako," Joan alisema chini chini.

"Ukamwacha adhani. Nikaonekana mwanamke wa kiburi na nyumba ya mabati."

"Mum, niliona aibu."

"Ya nani?"

Joan aliutazama ukuta wa mabati, kisha akamtazama mama yake. Peresi alichukua sahani ya mandazi akaifunika na kitambaa, maana hasira haimfanyi mtu aache chakula wazi. Halafu alifungua dirisha.

"Lewis!"

"Naam, Mama!" Alikuwa ameegemea gari, mikono mfukoni, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani kwa kosa la mwingine.

"Hizo hoteli ulizotafuta kabla ya kufika kwa hiyo nyumba yenye choo kikubwa, namba zake unazo?"

"Ninazo zote, Mama. Niliziandika kwa simu."

"Njoo hapa dirishani unisomee. Usiingie ndani. Soma za bei nafuu, zile za juu usinitie kichefuchefu."

Ndivyo ilivyofanyika. Mkwe alisimama nje ya dirisha akisoma namba, mama mkwe ndani akibonyeza kisimu chake kidogo chenye tochi, spika wazi kwa sababu masikio si yale ya zamani. Watoto waliacha kamba wakaja kusikiliza. Mpangaji wa chumba cha tatu, Chemutai, alitoa kiti chake nje akaanza kuchambua mboga ambazo alikuwa ameshazichambua.

Simu ya hoteli ya kwanza ilipokelewa na kijana mwenye sauti ya redio.

"Karibu sana, mathe! Tuko ufuoni kabisa, unashuka ngazi unaingia majini."

"Mashuka mnabadilisha baada ya siku ngapi?"

"Eh?"

"Mashuka. Yale ya kitanda."

"Mathe, hiyo unamwachia hausikipa, wewe unakuja kula raha tu! Kuna muziki kila jioni."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watu wachoke!" alicheka. Kisha akataja bei ya usiku mmoja, na Chemutai kule nje akasema "Woi" kwa sauti. Peresi akakata.

Ya pili alipokea mwanamume mpole, na kila alichoulizwa alijibu hakuna shida. Maji? Hakuna shida. Ngazi? Hakuna shida. Mbu? Hakuna shida, mama.

"Chumba kiko ghorofa ya ngapi?"

"Hakuna shida, mama, utapenda."

"Huyu hajawahi kupanda juu akaona vyumba vyenyewe," Peresi alisema baada ya kukata. "Vyumba ishirini na hakuna hata bomba moja linalovuja? Gesti ya Shariff ilikuwa safi kuliko hospitali, na kila asubuhi tulikuwa na shida tano. Nyingine."

"Hii iko ng'ambo ya barabara, Mama," Lewis alisema. "Si upande wa bahari. Niliiruka kwa sababu haina picha nyingi. Ukitoka apatimenti kwenda hapo ni kama dakika saba kwa miguu."

"Soma."

Simu iliita muda mrefu. Akapokea mwanamke, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa kuku.

"Wanena na Khadijo. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Peresi, kutoka Nakuru. Nataka kujua chumba."

"Nakuru! Huko kwa baridi. Haya, uliza, mamangu, lakini nafua mashuka, ntakuwa nakujibu mikono ina povu."

Peresi alivuta kiti akakaa. "Unafua wewe mwenyewe?"

"Mie na msichana mmoja. Mashini iliharibika tangu Idi."

"Unaanika wapi?"

"Juani, nyuma ya nyumba. Kivulini hayakauki, yafanya harufu, na chumvi ya hewa hii. Lakini nikwambie, weupe wa ajabu usiutarajie. Maji yetu ya kisima ni ya chumvi, shuka haing'ari, hata utie nini. Safi ni safi."

"Nini kingine kibaya?"

Bi Khadijo alicheka. "Wee ni mtu wa ajabu. Wengine huuliza nini kizuri. Haya. Bahari huioni, waiendea. Kuna kima, ukiacha dirisha wazi watakuibia hata dawa ya meno. Ijumaa kuna baa pale kona, yapiga kelele mpaka usiku mkubwa. Lakini chumba nambari nne kiko nyuma, hakisikii sana. Hakina ngazi. Kina choo chake."

"Choo chake peke yake?"

"Chake peke yake, ufunguo wako mwenyewe. Chai na mahamri asubuhi naleta mie. Bei ni ile ile, Krismasi sipandishi, wageni wangu ni wale wale kila mwaka."

Alitaja bei. Chemutai safari hii aliendelea na mboga zake. Peresi aliipiga hesabu kichwani: uji anaouza kila asubuhi pale steji, zamu yake ya kupokea mchango wa kikundi mwezi ujao. Ilitosha, kwa siku nne, bila kumwomba mtu.

"Mama, mimi nitalipa," Lewis alisema dirishani. "Tafadhali. Hiyo aibu ni yangu pia."

"Utalipa nauli. Chumba ni changu."

"Mama Peresi, upo?" simu iliuliza. "Mwaja wangapi? Maana nambari nne ina kitanda kikubwa, na nnacho cha pili kidogo cha mtoto, naweza kukitia humo humo bure. Kama una mjukuu."

Joan aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, chini yake kuna weusi ambao Peresi alikuwa ameuona tangu mlangoni mwa kanisa na hakuusema. Kahiga alikuwa ameshalala begani, mdomo wazi. Joan hakuomba kwa maneno. Alimtazama tu mama yake, kama alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo, Peresi akitoka kwenda kwa Shariff na yeye anaachwa na homa kwa jirani.

Na Peresi alikumbuka hilo, msidhani hakukumbuka. Ana kumbukumbu ndefu, na mara nyingi haimpi raha. Alikumbuka homa ile. Alikumbuka pia kwamba siku hiyo, wakati mtoto wake anawaka moto, yeye alikuwa akimtandikia kitanda mtoto wa mgeni mmoja wa Nairobi.

"Joan," alisema, mkono ukifunika simu, "ungekuja ukaniambia, Mama nimekwisha, njoo unishikie mtoto, ningekuja. Ningetafuta chumba Longonot kwa jirani yako, nikakodi kwa pesa yangu, nikalala hapo mwezi mzima. Hukuuliza. Ulichora njia ya kuzunguka. Januari uniulize, na uulize vizuri. Desemba mimi ni mgeni."

"Sawa, Mum," Joan alisema. Sauti haikuwa ya kukubali, ilikuwa ya mtu aliyeishiwa.

"Na mumeo umweleze yote leo, ndani ya gari, kabla hamjafika Gilgil. Mambo ya paa, mambo ya kutompa mama mkwe mkono, mambo ya kiti ambacho mkwe hakalii. Nisimwone tena anasimama sebuleni kwangu kama mwizi."

Lewis, dirishani, alijifanya hasikii.

"Halo? Mama wa Nakuru? Povu lanikaukia."

Peresi alitoa mkono kwenye simu. Bado alikuwa na hasira, ilikuwa imekaa kifuani mahali pake na haikuwa na haraka ya kuondoka.

"Nakuja peke yangu, Bi Khadijo," alisema. "Andika Peresi Ooko. Kitanda kimoja. Hicho kidogo usikilete."